Upatu wa kurasa: namna wahariri wa kujitegemea wanavyoweza kunoana

Kwa miaka minne nilikuwa nikifuta "rafiki zangu" kila nilipoiona na kuweka "rafiki wangu". Nilijiona najua. Rafiki ni mtu, mtu yuko ngeli ya A-WA, basi kalamu ikafanya kazi. Riwaya mbili, kitabu cha hadithi za watoto na ripoti za miradi nisizozihesabu zilipita mikononi mwangu namna hiyo, na hakuna mwandishi aliyelalamika. Siku moja mwalimu mstaafu wa Tanga, ambaye tulikuwa tumegawana kazi moja kubwa, akanipigia simu. Hakunisuta. Aliuliza tu: "Mwanangu, nyumbani kwenu wageni wakija mnasema 'ndugu wangu wamekuja' au 'ndugu zangu wamekuja'?"

Nikanyamaza. Maneno ya uhusiano kama rafiki, ndugu, jirani na adui huchukua yangu na zangu kwenye umilikaji, ilhali kitenzi na kivumishi vinabaki kwenye upatanisho wa watu: rafiki zangu wawili wamefika. Nilikuwa nikilisema hivyo kila siku mdomoni na kulifuta kwenye karatasi.

Kosa lenyewe halikuniuma kama ile miaka minne. Katika chumba cha habari lisingemaliza wiki: kuna mhariri mwandamizi, kuna msomaji prufu anayekagua kurasa zilizokwisha kupangwa, kuna mtu wa meza ya jirani atakayecheka. Sisi tunaofanya kazi sebuleni, kompyuta juu ya meza ya chakula, hatuna meza ya jirani. Mteja anatulipa kwa sababu kazi hii haijui, na asiyejua hawezi kukwambia umekosea. Kosa likikaa kwa mtu mmoja bila kuguswa, linageuka kanuni.

Haya ninayoyaandika yametoka kwenye kikundi chetu cha watu sita, ambacho sasa kina mwaka wa tatu. Mengine tuliyapata kwa kuharibu kwanza.

Hatua ya 1: Usianze na katiba

Tunajuana. Wakikutana watu watano wenye kazi moja, kabla chai haijapoa kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kiingilio na mjadala wa rangi ya fulana. Nimewahi kuwa mwanachama wa vyama viwili vya namna hiyo. Vyote vilikufa na muhuri mpya, na hakuna ukurasa hata mmoja wa mtu yeyote uliowahi kusomwa na mwenzake.

Igeni upatu. Kila mtaa una watu wanaoujua: wachache, wanaoaminiana, zamu inajulikana, na anayekwepa zamu anaona haya kupita njiani. Hakuna katiba, na fedha zinazunguka. Wakenya nao wana chama chao, ule mzunguko wa kina mama wa kila mwezi. Kwetu kinachozunguka ni macho. Kila mwezi mmoja anapokea: wenzake wote wanasoma kurasa zake alizozihariri na kumwambia walichokiona. Mwezi unaofuata anapokea mwingine.

Vyama vikubwa vya wenzetu havikuzaliwa vikubwa. Cha Uingereza kilianza mwaka 1988 kikiwa jumuiya ya wahariri na wasomaji prufu wa kujitegemea. Hati ya kifalme iliyokifanya taasisi kamili kilikuja kuipata 2019, miaka 31 baadaye. Cha Kanada kilianza 1979, nacho kwa wahariri wa kujitegemea. Cha Afrika Kusini ni cha 1993. Muhuri unaweza kungoja.

Hatua ya 2: Tafuta watu wasiofanana

Watano wanatosha, saba ndiyo mwisho. Mkizidi hapo zamu inachelewa kufika, na wapo watakaokuwa wanakuja kusikiliza tu.

Ukikusanya watu waliotoka gazeti moja, mtakuwa na makosa yaleyale na mtayapigia makofi. Sisi tuna mwalimu mstaafu niliyemtaja, mtafsiri wa nyaraka za afya, mwandishi wa zamani wa michezo, dada mmoja wa Mombasa anayehariri vitabu vya shule, kijana mpanga kurasa, na mimi. Yule wa michezo tulidhani hatatufaa. Kumbe ndiye pekee anayeweza kukata sentensi ya maneno 40 ikabaki 15 bila kumwaga damu.

Mpanga kurasa usimkose. Wengi wetu tunadhani kazi inaisha faili likishatumwa. Mkutano wa pili tu, kijana wetu alituletea kurasa nne za kitabu cha historia kilichopangwa huku lugha ya faili imeachwa kwenye Kiingereza. Mwishoni mwa mistari maneno yamekatwa "kin-yume", "un-ganisha", "pen-gine". Silabi zetu nyingi huishia na irabu, kwa hiyo ni ki-nyu-me, u-nga-ni-sha, pe-ngi-ne. Zinazofunga kwa konsonanti, kama lab-da na mak-ta-ba, ni za maneno ya kukopa. Sote watano tulikuwa tumewahi kupitisha vitabu vyenye mikato kama hiyo, na hakuna aliyewahi kuiona, kwa sababu hatukuwahi kutazama ukingo wa kulia wa ukurasa. Tangu siku hiyo ninapoletewa prufu huanza kwa kushuka na ukingo huo peke yake, toka juu hadi chini, kabla sijasoma neno lolote.

Hatua ya 3: Kubalianeni majina ya kazi

Hili ni fupi ila lisirukwe. Uhariri wa kina unagusa muundo: sura ipi ihame, hoja ipi haijakamilika, mhusika yupi amebadilika jina katikati. Uhariri wa lugha unagusa sentensi, tahajia, upatanisho na alama. Usomaji prufu unakuja baada ya kurasa kupangwa, na hapo unagusa kilichovunjika tu. Ukiongeza aya mpya wakati huo, kurasa zinasogea, yaliyomo yanadanganya, na mpanga kurasa anakuchukia kwa haki.

Wateja hawana majina haya. Wana "nipitishie macho tu". Hiyo ndiyo sentensi ghali kuliko zote katika biashara yetu, kwa kuwa anayeisema analipia prufu na anatarajia uhariri wa kina. Kikundi kikiwa na maelezo mamoja ya kazi hizi tatu, aya moja moja, kila mmoja anayabandika kwenye barua yake ya kwanza kwa mteja. Ugomvi mwingi unaishia hapo.

Hatua ya 4: Ukurasa mmoja, watu wote

Kabla hamjaanza kusomeana, hariri pamoja kitu kimoja. Chukueni ukurasa wa maneno kama 250, ulioandikwa na mmoja wenu. Kila mtu auhariri peke yake kwa dakika 40, bila kushauriana, kisha wekeni matoleo yote sambamba.

Sisi tulitunga taarifa ya habari ya kujipima. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii:

"Serikali imesema kwamba itahakikisha kuwa wananchi wote wanapatiwa huduma ya maji safi na salama ifikapo mwaka 2030."

Mwandishi wa michezo aliirudisha hivi: "Serikali imesema wananchi wote watapata maji safi na salama ifikapo 2030." Maneno 11 kutoka 17. Inapendeza kusoma. Lakini mtafsiri wa afya akamshika: kuhakikisha na kupata si ahadi moja. Aliyesema "itahakikisha" amejiachia mlango wa kutokea, na mhariri hana ruhusa ya kuufunga mlango huo kwa niaba ya Serikali. Tena "huduma ya maji" inaweza kuwa bomba la mtaa, "maji" yakawa ndani ya nyumba. Dada wa Mombasa alibakiza yote ila akafuta "kuwa", maana "kwamba" na "kuwa" ndani ya sentensi moja vinamkwaza msomaji. Mimi nilibadili "wanapatiwa" kuwa "wanapata", na nilipoulizwa kwa nini, sikuwa na jibu zaidi ya kuwa sikuipenda. Mpanga kurasa alibadili kitu kimoja: aliunganisha "mwaka" na "2030" zisitengane mwisho wa mstari.

Mwalimu hakugusa neno. Tukadhani amesahau. Akasema, "Sijaambiwa anayesema ni nani. Kama ni maneno yaliyotamkwa, mimi ni nani niyabadili? Kama ni ya mwandishi, nipeni kalamu." Tulikaa na sentensi ile kwa saa nzima, na zilikuwa zimebaki nyingine 13.

Fanyeni zoezi hili mara mbili au tatu kabla ya kuingia kwenye upatu. Litawaonyesha nani ana mkono mzito na nani mwoga. Litawazoesha pia kuulizwa "kwa nini" bila kununa.

Hatua ya 5: Upatu wenyewe

Pigeni kura ya zamu. Anayepokea analeta kurasa tano alizozihariri mwezi huo, matoleo mawili: ya asili, na ya kwake yenye mabadiliko yanayoonekana. Wenzake wana wiki moja. Kila mmoja anaandika maoni yasiyozidi kumi, na kila oni analipatia jina moja kati ya matatu:

kosa: kanuni imevunjwa na ninaweza kuonyesha ipi;
hoja: pana njia mbili, nadhani umechukua iliyo dhaifu, na sababu ni hii;
ladha: ningekuwa mimi ningeandika vingine, basi.

Mgawanyo huu ndio uliotuokoa. Kabla yake tulikuwa tunabishana usiku kucha juu ya ladha tukidhani ni makosa. Anayepokea analazimika kurekebisha kosa, kujibu hoja, na ladha anaweza kuinywea maji. Halafu pana jambo la aibu utakaloligundua: zamu ya kwanza, karibu kila ulichotaka kuita kosa kitahamia ladha mara tu utakapotakiwa kuonyesha kanuni.

Someni vilevile kwa upande wa pili. Msitafute tu alichokiacha. Tafuteni alichokigusa bila sababu. Mhariri anayebadili "aidha" kuwa "pia" katika kurasa zote tano, na kurasa hizo zote "aidha" imetumika sawasawa, hajahariri, amemvua mwandishi shati akamvalisha la kwake.

Sasa ruhusa. Mswada si mali yako. Usichukue kurasa za mteja ukazigawa kwa watu watano bila yeye kujua, hata kama ni wema. Sisi hutuma maneno haya mwanzoni mwa kazi, kabla ya bei kukubaliwa:

"Ningependa wahariri wenzangu watano wasome kurasa tano za mswada wako ili kukagua kazi yangu mimi, si yako. Jina lako na jina la kitabu vitaondolewa, na kurasa zitafutwa baada ya siku 14. Ukikataa, bei na tarehe havibadiliki."

Wengine hukataa, na hawadaiwi maelezo. Wengi hukubali wakiona kazi yao inapata macho sita kwa bei ya moja. Nyaraka za hospitali, za kesi, na mitihani haziingii kabisa, hata mteja akiruhusu. Tasnifu pia tunaziweka kando. Vyuo vina masharti yake juu ya nani aguse nini. Ukikosa kurasa za mwezi huo, lete uliyoandika mwenyewe, ukayahariri mwenyewe. Utalia.

Lipo na suala la heshima, ambalo miongozo ya Wazungu haina haja nalo. Kijana wa miaka 26 atamwambiaje mwalimu wa miaka 63 kwamba amekosea? Mara ya kwanza kijana wetu alikaa kimya, na kosa alikuwa ameliona. Tukaweka utaratibu: maoni yaandikwe kwa namba ya ukurasa na mstari, na yasomwe na mtu mwingine asiye mwandishi wake. Baada ya miezi michache hatukuuhitaji tena. Siku hizi husikika hivi:

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu."

"Ukurasa wa 3, mstari wa 9, naomba kuuliza. Umeacha 'masaa matatu'."

"Nimeacha?"

"Umeacha, Mwalimu."

"Basi andika kosa, andika kwa herufi kubwa."

Tunakutana kwa simu, Jumapili saa 2 usiku, kwa saa moja na nusu. Foleni za Dar zimeua mikutano mingi kuliko uvivu. Ana kwa ana tunaonana mara mbili kwa mwaka, na siku hiyo hatusomi kitu.

Hatua ya 6: Daftari la maamuzi

Hapa ndipo kikundi kinapoanza kuwa na thamani kuliko jumla ya watu wake. Anzisheni faili moja la pamoja lenye safu nne: neno, tulichochagua, sababu, tarehe. Kila ubishi uliomalizika unaingia humo ili usifufuke.

Utasema kamusi ipo. Zipo, na hazisemi kitu kimoja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza 1981, ikafuata ya 2004 na ya 2013. Kamusi Kuu ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ilitoka 2015. Ya BAKIZA, baraza la Zanzibar, ilitoka 2010. Hata jina lenyewe ni ubishi: ya Dar ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ya Zanzibar ni Kamusi la Kiswahili Fasaha. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza kabisa wa daftari ni ipi inafunguliwa kwanza na lini inaruhusiwa kupingwa. Sisi tunafungua Kamusi Kuu kwanza, isipokuwa mchapishaji akiwa na yake. Na andikeni toleo. Waliotumia matoleo tofauti ya kamusi moja wamewahi kugombana kwetu wiki nzima, kila mmoja na picha ya ukurasa wake.

Maingizo yetu ya mwanzo yalikuwa ya kawaida: mswada au muswada, makala haya au makala hii, hususan au hususani, vilevile neno moja au mawili. Msipoteze usiku mzima hapo. Kwa mengi ya haya, kilicho muhimu ni kitabu kimoja kisitumie yote mawili.

Yanayostahili usiku mzima ni yale yanayobadilisha maana msomaji akivuka mpaka. Dada wa Mombasa ndiye aliyetufumbua. "Kura ya maoni" kwa Mtanzania ni ile ya kukubali au kukataa katiba, na pia ndiyo chama kinayotumia kuchujia wagombea wake. Magazeti ya Kenya mara nyingi huiita ile ya katiba kura ya maamuzi, na kura ya maoni ikabaki ya wale wanaouliza watu barabarani watamchagua nani. Ukihariri makala ya siasa kwa msomaji wa nchi zote mbili bila kujua hilo, umempotosha mmoja. Tarakilishi ya kitabu cha Nairobi ni kompyuta ya kitabu cha Dar. Ile teknolojia ambayo kila mtu anaizungumzia sasa, Dar ni akili mnemba, Nairobi utakuta akili unde au akili bandia. Kwenye safu ya sababu tunaandika nani ni msomaji, na uamuzi unabadilika naye.

Saa nayo imepewa ukurasa wake. Mtafsiri anapokea "8:00 a.m." na kuandika "saa 8:00 asubuhi", na mama wa Singida anayetakiwa kumpeleka mtoto kliniki anabaki kujiuliza hiyo ni saa gani, kwa kuwa saa nane ni ya mchana. Uamuzi wetu: kwa msomaji wa kawaida ni saa 2 asubuhi, tarakimu za dakika zinaandikwa tu zikihitajika, na mfumo wa saa 24 unabaki kwenye ratiba za ndege. Mtafsiri wetu wa afya aliuandika kwa wino mwekundu. Hakutueleza ilivyomtokea, nasi hatukumuuliza.

Hatua ya 7: Hesabu ya saa, halafu ya fedha

Watu wengi wanaogopa kutaja bei mbele ya wenzao. Anzeni na muda, ni rahisi zaidi. Kila mmoja apime kwa wiki mbili anahariri kurasa ngapi kwa saa, ukurasa ukihesabiwa maneno 250, bila kujali ukubwa wa herufi ambazo mteja amezipunguza ili kurasa zionekane chache.

Tuseme mswada una maneno 60,000. Hizo ni kurasa 240. Ukienda kurasa 6 kwa saa, mzunguko wa kwanza ni saa 40. Mzunguko wa pili ni mwepesi, kurasa 12 kwa saa, saa 20. Jumla saa 60. Na mtu mzima mwenye macho mawili hahariri kwa makini zaidi ya saa 5 kwa siku; zinazobaki ni barua, simu na usingizi. Kwa hiyo ni siku 12 za kazi. Mteja akisema "ni kitabu kidogo, wiki moja inatosha", una jibu la tarakimu badala ya kinyongo.

Sasa fedha, kwa mfano tu: ukitoza Sh 3,000 kwa ukurasa, kitabu hicho ni Sh 720,000, yaani Sh 12,000 kwa saa. Taasisi ikikata kodi ya zuio ya asilimia 5, zinaingia 684,000. Toa umeme, bando na zile barua. Mwenzetu mmoja alipofanya hesabu hii kwa mara ya kwanza alikuta kazi aliyokuwa akijivunia inamlipa chini ya anachomlipa fundi wa kupaka rangi. Hakupandisha bei kwa hasira. Aliacha kupokea vitabu na akabaki na ripoti, ambazo anaziendea haraka zaidi.

Malipo ya awali: theluthi moja kabla ya kufungua faili, theluthi kabla ya mzunguko wa pili, iliyobaki kabla ya kukabidhi toleo safi. Kuna mchapishaji, simtaji, aliyenilipa baada ya miezi saba, na katika miezi hiyo nilimwona akizindua kitabu chenyewe na keki. Kikundi hakiwezi kumlazimisha mtu kama huyo. Kinachoweza ni kukuambia mapema, faraghani na kwa mdomo, kwamba fulani hulipa taratibu. Msiandike orodha ya majina popote. Inavuja, na inawaletea kesi.

Hatua ya 8: Toka nje ya kikundi

Miezi mitatu mitatu, mmoja wenu afundishe kitu anachokijua: namna ya kuweka maoni kwenye faili la PDF, namna ya kuandaa orodha ya marejeo, namna ya kusoma majedwali. LibreOffice, programu ya kuandikia, ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili na haina malipo. Itakupigia mstari mwekundu chini ya "tutakapowapelekea", maana vitenzi vyetu vina minyambuliko isiyomalizika, lakini "tafazali" na "hathari" itazidaka.

Nje ya hapo, hudhurieni makongamano ya Kiswahili hata kama mada zake ni za wasomi: CHAKITA (Chama cha Kiswahili cha Taifa) kwa walio Kenya, CHAUKIDU (Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani) inayokusanya watu wa mabara mengi, na shughuli za TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. BAKITA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1967, na BAKIZA kwa upande wa Zanzibar ndiko ubishi wa istilahi unakopelekwa ukishindikana. Tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, huwa na watu wengi wa lugha mahali pamoja. Mwaka mmoja nilikwenda na kadi za biashara nikarudi na wateja sifuri na mpanga kurasa mmoja, yuleyule. Anayehariri na Kiingereza anaweza kutazama madaraja ya uanachama ya chama cha Uingereza. Hata usipojiunga, utaona wenzetu wanadai nini kabla ya kumwita mtu mtaalamu.

Akili mnemba tumeijaribu pamoja, kwa ukurasa uleule wa hatua ya 4. Iliandika sentensi laini, ikafuta "itahakikisha", na haikuuliza nani anasema. Kwa kukagua majina kama yameandikwa vilevile kitabu kizima inaweza kusaidia, ila mswada wa mteja hauingii humo bila ruhusa ileile ya siku 14.

Hatua ya 9: Kupokezana kazi

Kikundi kikishasomeana mwaka mmoja, kila mtu anajua kazi ya mwenzake ndani nje. Hapo ndipo mnaweza kuachiana wateja. Masharti yetu ni machache: mteja anaambiwa, anayeifanya kazi ndiye anayelipwa yote, na mteja anabaki wa aliyemleta. Asilimia ya "kuunganisha" tuliijaribu miezi mitatu tukaiacha, maana kila mtu alianza kuhesabu vya mwenzake.

Mwaka jana mmoja wetu alijifungua wiki mbili kabla ya siku yake, na kitabu cha kurasa 310 kikiwa kimebakiza 90. Tulizigawana watatu, thelathini thelathini, tukiwa na daftari la maamuzi wazi pembeni. Kitabu kilipofika kwa msomaji prufu wa mchapishaji, mtu asiyetujua, aliandika kwamba mhariri ameshika mkono mmoja toka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa ukurasa wa 247 na wa 251, ambako "vile vile" imetengana.

Zote mbili zilikuwa za kwangu.